Gawio Lipimwe kwa Kilichorudi Mkononi

Mfanyabiashara wa Buyenzi anayevusha bidhaa kati ya Bujumbura, Uvira na Kigoma anajua kwamba faida ni ile iliyorudi mkononi. Mali iliyolala ghalani, hata ikiwa ya thamani, hailipi nauli ya safari inayofuata.

Kipimo hicho hicho akitumie anaposhawishiwa kununua hisa. Ushawishi upo, kwani Mei 2023 bei rasmi ya dola nchini Burundi ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja, na wenye akiba ya faranga waliumia. Wengi sasa wanatafuta pa kuiweka.

Tuchukue Centum ya Kenya, kampuni ya uwekezaji iliyoanza mwaka 1967 kwa jina la ICDC Investment. Hisa zake zinauzwa Nairobi na, tangu 2011, Kampala pia. Imewahi kuweka fedha katika soda, benki na majengo. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa baada ya 2009 haikutoa gawio. Ilichagua kukuza mtaji. Bei ya hisa ikapanda hadi kupita shilingi 60. Mwaka 2016 gawio lilirudi kwa shilingi 1 kwa hisa, kisha 1.20. Mwaka 2021 lilishuka hadi senti 33, na kufikia 2023 hisa yenyewe ilikuwa chini ya shilingi 10.

Aliyenunua hisa 1,000 kwa shilingi 60,000 alipata, katika miaka mizuri, shilingi 1,200 kwa mwaka kabla ya kodi. Hiyo ni asilimia 2. Kampuni ina haki ya kushikilia faida ili ikue, lakini mwenye mtaji wa mkopo hawezi kuisubiri.

Hii si sababu ya kukimbia masoko ya jirani. Sheria ya Kenya humkata raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki asilimia 5 ya gawio, sawa na Mkenya, na huo ni mtangamano wenye faida. Ila kabla ya kutoa fedha, mfanyabiashara aulize: gawio la miaka kumi lilikuwa kiasi gani? Lilitoka katika biashara au katika kuuza mali? Na litafikaje Bujumbura, kwa bei gani ya kubadilisha? Asiyejibiwa yote matatu, mtaji wake ubaki kwenye bidhaa anazozijua.