Asiye na Homa Naye ni Mgonjwa

Wiki hii twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Katika darasa tulilokuwa tukifundisha alikuwamo mvulana mmoja aliyefika Bunia pamoja na mama yake, wakikimbia vita vya Djugu. Hesabu alizijua vizuri. Lakini kila asubuhi, ilipofika saa tatu, kichwa chake kiliangukia juu ya dawati. Mara ya kwanza tulimwonya. Mara ya pili tulimsimamisha ukutani. Mara ya tatu tulimwita mvivu mbele ya wenzake, nao wakacheka. Hakujibu neno. Kesho yake hakuja.

Tulipokwenda kumwuliza mama yake, alitwambia kwa sauti ya chini: “Mwalimu, huyu halali usiku. Akisinzia kidogo anaruka, anapiga kelele kwamba wamefika. Basi anakaa ameegemea mlango mpaka jogoo awike. Huko darasani ndiko anakopata usingizi, kwa kuwa ni mchana na kuna watu wengi.”

Tuliona haya sana. Mtoto alikuwa amepata mahali pamoja tu pa kulala bila hofu, nasi tukamfukuza kwa kicheko. Tangu siku ile tumejizoeza kuuliza kabla ya kukemea, tena tumejibidiisha kujifunza habari za ugonjwa huu usio na homa wala kidonda. Yale tuliyojifunza twawaletea leo, maana jamaa nyingi za Mudzipela zinao nyumbani mwao, au jirani nao, watu wa namna hii.

Sisi wa hapa hatuna haja ya kuambiwa vita ni kitu gani. Mwezi wa Agosti 2002, na tena mwezi wa Mei 2003, mapigano yaliingia ndani ya mji wa Bunia, na Mudzipela ikawa mmoja wa mitaa iliyoumia. Maelfu ya watu walilala nje karibu na uwanja wa ndege na makao ya Umoja wa Mataifa. Wengi wetu tuliokuwa watoto siku zile leo ni baba na mama. Kisha, tangu mwisho wa mwaka 2017, moto uliwaka tena huko Djugu. Mwanzoni mwa mwaka 2018 makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi hata Uganda, wakapokewa katika makazi ya Kyangwali. Wengine walikuja Bunia, wakakaa kwa ndugu zao au chini ya turubai, kama wale wa Kigonze. Mwezi wa Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa usiku katika kambi ya Savo, mahali walipokuwa wamekimbilia ili wapone.

Serikali na mashirika hutofautisha kati ya mkimbizi aliyevuka mpaka na yule aliyehamishwa ndani ya nchi yake. Tofauti hiyo ina maana katika sheria. Lakini usiku, mtoto anaporuka usingizini, hakuna mpaka.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba, katika nchi zilizopatwa na vita kwa muda wa miaka kumi iliyotangulia, mtu mmoja katika watano hivi ana ugonjwa wa nafsi wa namna fulani: hofu isiyokwisha, huzuni kuu ambayo leo huitwa sonona, mshtuko unaorudi kama ndoto mbaya, au kuchanganyikiwa akili. Kwa watu 9 hivi katika 100 hali yao ni ya wastani au nzito. Msomaji na ahesabu mwenyewe nyumba za uchochoro wake, ataona kwamba habari hii haiko mbali naye.

Tusikose hapa kusema neno la haki. Mtu aliyefiwa na kunyang'anywa shamba, akilia na kukosa usingizi kwa majuma kadhaa, huyo hana wazimu. Moyo wake unafanya kazi yake. Wengi sana hupona wakipata usalama, chakula, jamaa, na kazi ya mikono. Lakini wako wasiopona hivyo. Mwezi unapita, miezi mitatu inapita, na mama hawezi kuwasha moto wala kumnyonyesha mtoto. Baba amejizamisha katika pombe kali na kupiga watu wa nyumbani. Kijana anasema afadhali afe. Hao ni wagonjwa, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga.

Kwa mganga gani? Hapo ndipo shida yetu ilipo. Mabingwa wa magonjwa ya akili katika nchi yetu ni wachache sana, na wengi wao wako Kinshasa. Mabruda wa Karitasi wamefanya kazi ya sifa kubwa katika nyumba zao za Goma na Bukavu. Ile ya Goma waliipa jina zuri la Tulizo Letu. Lakini Goma si karibu, na njia si salama. Mama wa Kigonze hatafika huko. Atakapofika ni kwenye kituo cha afya cha mtaa, mahali apelekapo mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Kwa hiyo huko ndiko anakopaswa kupata msaada.

Naye hufika kweli, ila hasemi, “Moyo wangu ni mgonjwa.” Husema kichwa kinauma, mgongo unawaka, tumbo linapanda, moyo unapiga mbio, nguvu zimekwisha. Anapimwa malaria, haipo. Anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani. Juma la pili yuko tena kwenye benchi. Mwishowe watu humwita msumbufu. Mama wa yule mvulana alipita njia hiyo hiyo. Alimpeleka mtoto mara mbili akapewa dawa ya kichwa tu. Mara ya tatu alimkuta muuguzi aliyepata mafundisho, naye akauliza neno moja lililofungua mlango: “Usiku analala namna gani?”

Wako watakaosema kwamba muuguzi wa kituo kidogo hawezi kazi hii. Wenye elimu wamekwisha kujibu. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi na waganga wa kawaida kutambua na kutunza magonjwa haya. Na mwaka 2015, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lilitoa kitabu cha mwongozo kwa ajili ya mahali penye vita na maafa. Huko Rhino, kaskazini-magharibi ya Uganda, wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini waliingia katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020. Sehemu yao walikutana mara tano kusikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa lugha yao, jinsi ya kutuliza nafsi na kubeba mawazo mazito. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Baada ya miezi mitatu dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao wasiopata mafundisho hayo.

Basi kazi hii yawezekana, lakini ina masharti yake. Muuguzi mwenye wagonjwa hamsini mlangoni hawezi kumsikiliza mmoja kwa nusu saa. Chumba kisicho na mlango hakifai kwa siri. Na katika Ituri yetu, ambako mgonjwa huogopa kutaja kijiji chake mbele ya mtu asiyemjua, siri ni nusu ya dawa. Tena dawa zenyewe, za sonona, za kifafa, za kuchanganyikiwa, zisikosekane baada ya mwezi mmoja. Kwa maana dawa ya kifafa ikikatwa ghafula huleta degedege kali kuliko mwanzo. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa, tuliona jinsi huduma nyingi za wakimbizi zilivyopungukiwa. Hilo na litufundishe. Msaada unaokuja peke yake katika gari la shirika huondoka na gari hilo. Elimu iliyokaa ndani ya muuguzi wa mtaa hubaki naye.

Tumetaja kifafa. Ugonjwa huo ni wa ubongo, wala hauambukizi kwa mate wala kwa kumgusa aliyeanguka. Katika eneo la Logo, humu humu Ituri, wachunguzi walikuta kifafa kimezidi palipo na ugonjwa wa usubi, uletwao na visubi vya mtoni. Hata hivyo watoto wengi wenye kifafa huachwa waungue motoni kwa kuwa watu wanaogopa kuwashika. Huo ni ujinga unaoua.

Sasa, ndugu wazazi, twataka kuwapa mashauri machache ya nyumbani.

La kwanza: tazameni, sikilizeni, pelekeni. Mtazame mtu kama ana hatari au njaa. Umsikilize bila kumkatiza. Umpeleke panapo msaada. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata. Wako wanaodhani kwamba mtu akitapika habari yote kwa siku moja atapona. Waganga wameona kwamba kumlazimisha hakumponyi, na pengine humdhuru. Atasema siku atakayotaka.

La pili: msinunue dawa za usingizi sokoni. Valiamu na jamaa zake hazifai kumpa mtu aliyetoka katika msiba au mshtuko juzi juzi. Zitamlaza leo, na kesho hatalala bila hizo. Pombe nayo ni vivyo hivyo.

La tatu: msimfunge mgonjwa. Twajua wako waliofungwa minyororo katika vyumba vya maombi, wakanyimwa chakula kwa jina la kufunga, ati pepo atoke. Sala ni njema, nasi tunasali. Lakini mwenye kuvunjika mguu tunamwombea huku tukimpeleka akafungwe gango. Na aliyevunjika nafsi tumtendee vivyo hivyo. Anayemkataza mgonjwa dawa kwa jina la Mungu anabeba mzigo mzito.

La nne: mtu akisema anataka kufa, msimwambie anatafuta kuhurumiwa. Mwulizeni waziwazi kama amefikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Ondoeni karibu naye sumu ya panya na dawa za shamba, msimwache peke yake, mkampeleke kituoni siku ile ile.

La tano: mpeni kazi na nafasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Mama anayepalilia pamoja na wenzake, mtoto anayecheza mpira, mzee anayeombwa shauri, hao hujiona tena kuwa watu.

Kuna methali nyingine isemayo, mficha maradhi kifo humuumbua. Twafikiri ilitungwa kwa ajili ya maradhi haya hasa, kwa kuwa hakuna yanayofichwa zaidi. Jamaa huficha kwa kuona haya, mgonjwa huficha kwa hofu, muuguzi hapati nafasi ya kuuliza, na mwalimu, kama sisi, huona uvivu.

Mtasema: je, yule mvulana amepona? Alirudi shuleni baada ya majuma mawili. Mama yake alimpeleka kwa muuguzi kila juma kwa muda, wakamfundisha kupumua polepole na kukitambua chumba chake anaposhtuka usiku. Sisi tulimwomba radhi mbele ya darasa, pale pale tulipomwaibisha. Alichagua kiti karibu na mlango, nasi tukamwachia. Bado ziko asubuhi anazosinzia. Siku hizo mwenzake humsogezea sweta aegemeze kichwa, na darasa lote huandika kimya mpaka aamke.