Kujenga na Kujengesha

Yasemwa vitabuni kwamba Drayton Hall, nyumba ya matofali iliyo ukingoni mwa mto Ashley, karibu na mji wa Charleston, South Carolina, huko Marekani, ilijengwa na John Drayton. Msemaji wa Kiswahili hana budi kulikataa neno hilo. Lugha yake yatenga kujenga na kujengesha: Drayton hakujenga, alijengesha. Na hata kujengesha ni kumsitiri, maana mwenye kujengesha hulipa ujira. Mafundi wa Kizungu walikuwapo, hapana shaka. Walakini utajiri wa bwana huyo ulikuwa ni jasho la watumwa wa Kiafrika, na mikono yao ndiyo iliyobeba kazi.

Uzuri wa nyumba haukanushiki. Kazi ilianza yapata mwaka 1738. Wataalamu walipochunguza mbao za darini, waliona kwamba miti yake ilikatwa katika majira ya baridi ya 1747 na 1748. Upande wa nchi kavu una baraza la orofa mbili, nguzo za Kidoriki chini na za Kiioniki juu, kwa kumfuata Palladio wa Italia. Hapana haja ya kuibeza sanaa hiyo ili kuwatetea waliofyatua matofali.

Lakini Palladio hupewa kurasa, na tofali mstari mmoja! Udongo huchimbwa, hukanyagwa, hutiwa kalibuni, huanikwa, kisha huchomwa tanuruni siku kadhaa, usiku na mchana. Katika matofali ya kale ya Charleston zaonekana alama za vidole vya watumwa walioyashika yangali mabichi, vya watoto vikiwamo.

Shirika la National Trust liliinunua nyumba mwaka 1974, likaihifadhi kama ilivyokutwa, bila umeme wala mabomba. Yapendeza. Ila jengo la kufulia liliangushwa na tetemeko la 1886, na jiko likabomolewa na tufani ya 1893. Basi kilichohifadhiwa “kama kilivyo” ni ukumbi wa bwana, si mahali pa mtumwa.

Wadaio kwamba wajenzi hawana majina na waende makaburini. Watu weusi wamezikwa hapo tangu 1790 hivi, wengi bila alama. Richmond Bowens, wa kizazi cha watumwa wa shamba hilo, aliyezaliwa 1908, alisimulia habari za jamaa zake kwa majina yao. Naye alizikwa papo hapo mwaka 1998.