Mitindo ya Pwani ianze na uzi

VIJANA wengi wa Malindi na Kilifi wanaoingia kwenye ubunifu wa mavazi huanza na picha. Wanaona nguo kwenye simu, wanampelekea fundi, anaiga. Hakuna ubaya. Lakini wachache huuliza: hii nguo ni ya uzi gani, na itakuwaje mwilini ndani ya matatu saa nane mchana, mwezi wa Februari?

Chukua tisheti uliyovaa. Ivute kidogo. Inatanuka, kisha inarudi. Leso haifanyi hivyo. Nyuzi za leso zimepishana na kukazana, ilhali tisheti imefumwa kwa vitanzi vilivyoshikana, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kunyooka.

Sasa njoo kwenye uzi wenyewe. Pamba unayoiona kavu kabisa huwa imeshika unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake. Polyesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana shati la polyesta hukugandia mgongoni, isipokuwa limefumwa kwa vitundu vya kupitisha hewa kama jezi za mpira. Sweta nayo hufunga hewa katikati ya vitanzi ili joto lisitoke. Limuru hiyo ni poa sana. Lakini kwani mtoto wa shule hapa Pwani anavalishwa sweta ya akriliki ya nini?

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Vile vishimo vidogo vya kofia ya Kiswahili ni pambo, na pia vinapitisha hewa kichwani.

Sayansi inaweza kukupa hata umbo la kufuma. Mwaka 1997, Daina Taimina, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia kroshia kutengeneza umbo la kihisabati ambalo ni gumu kulionyesha kwa karatasi. Siri yake ni kuongeza vitanzi kwa kipimo kile kile katika kila mstari, hadi kitambaa kinajikunjakunja chenyewe. Mwaka 2005, ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianza kutumia mbinu hiyo kufuma mifano ya matumbawe. Sisi tunayo matumbawe yenyewe. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na kuna vijana wanaopeleka watalii huko kila siku. Mbona michoro yake haionekani kwenye nguo na mikoba tunayowauzia watalii hao hao?

Malighafi nayo haiko mbali. Mkonge wa Vipingo husafirishwa nje ukiwa nyuzi tu. Takriban asilimia 4 pekee ya uzito wa jani ndiyo huwa nyuzi. Ni ngumu, hazifai kugusa ngozi, lakini kwa mikoba na mazulia hazina mpinzani. Malindi nayo iliwahi kuwa na kiwanda cha kuchambua pamba.

Kwa hivyo tunasema hivi. Vyuo vya ufundi vya kaunti vifundishe tabia za nyuzi kabla ya kumweka mwanafunzi kwenye cherehani. Chuo Kikuu cha Pwani kifungue milango ya maabara kwa mafundi wa mtaani, angalau siku chache kila muhula. Na shule zinapoagiza sare, ziwape kazi wafumaji wa hapa, kwa uzi wa pamba na kwa ufumaji ulio wazi.

Nawe kijana usingoje kaunti. Kabla ya kununua kitambaa, chomoa uzi mmoja, uushike kwa koleo na uuchome kwa uangalifu. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu, hiyo ni pamba. Ukiyeyuka na kuganda kama ushanga, ni plastiki, na ukiambiwa ni pamba tupu usikubali kulipa bei ya pamba.