Ndege wa Kaskazi Si Wageni

Kuna neno moja ambalo limenikera kwa miaka mingi, nami nataka kulishitaki hapa mbele ya msomaji. Neno hilo ni "wageni". Kila yanapotajwa makundi ya ndege wanaojaa kando ya bandari zetu kuanzia Septemba hadi Aprili, tunaambiwa kwamba hao ni ndege wageni: wameikimbia baridi ya Ulaya na Siberia, na baridi ikiisha watarudi kwao. Maneno hayo yamo vitabuni, yamo katika hotuba, na yamo vinywani mwa walimu. Yanasikika kuwa maneno ya adabu, maana watu wa pwani tunamheshimu mgeni. Lakini ndani yake mna sumu. Mgeni hana sauti katika mambo ya mji, na mahali anapofikia huhesabiwa kuwa ni pa kupita tu. Ndiyo sababu tope wanalolila ndege hao tunaliita "eneo tupu", na eneo tupu halina wa kulitetea.

Nathubutu kusema kwamba neno hilo ni la uongo, na uongo wenyewe unatugharimu.

Tufanye hesabu, kama tulivyozoea darasani. Mchukue kitwitwi mmoja, yule mdogo wa kijivu mwenye miguu myeusi na mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Huanguliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, katika nyanda zisizoota miti. Kutaga, kuatamia na kukuza makinda huko hakuchukui zaidi ya miezi miwili. Madume huondoka kwanza, majike hufuata, na makinda huja mwisho peke yao, bila mzazi wala kiongozi, wakivuka mabara wasiyopata kuyaona. Kuanzia Agosti na Septemba wako kwetu, na hapa hukaa mpaka Aprili. Basi ni miezi miwili huko, miezi saba hivi huku, na inayobaki ni ya njiani. Zaidi ya hayo, wengi wa makinda hao hawarudi kabisa katika mwaka wao wa kwanza. Wenzao wakiondoka, wao hubaki papa hapa masika na kipupwe, wakilelewa na tope letu. Je, mtu anayekula miezi saba ya mwaka katika nyumba moja, na watoto wake wakakaa humo mwaka mzima, tungemwandika wapi siku ya sensa?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndege hawa jembe wamelishika siku ile ile waliyofika. Tazama maji yanapokupwa. Sululu mwenye mdomo mrefu kama mundu huuzamisha wote mpaka machoni akitafuta kaa na minyoo ya chini. Vitwitwi wa mdomo wa kadiri huchokoachokoa kwa haraka juu juu. Wengine wenye macho makubwa na mdomo mfupi hukimbia hatua chache, wakasimama, wakatazama, kisha wakadonoa. Kila mmoja ana kina chake, wala hawagombanii riziki. Hakuna shamba katika nchi hii linalolimwa kwa mpango kuliko lile.

Na baridi yenyewe tunayoambiwa wameikimbia, sisi hatuijui. Majira yao ya baridi ndiyo kaskazi yetu, wakati wa jua kali na maembe. Mtoto wa Mtwara, wa Tanga au wa Mombasa anayefundishwa kwamba "wakati wa baridi ndege huhama" anafundishwa kusimama dirishani kwa mtu mwingine na kuitazama dunia kutoka huko. Kwake yeye, wakati huo ndege hawahami; wakati huo wanarejea.

Yuko mmoja ambaye anastahili kutajwa peke yake. Ni mweupe, mgongo wake mweusi, miguu yake mirefu, na mdomo wake mnene na mweusi kama kisu cha kuvunjia makoa ya kaa. Wataalamu wamempa jina la Dromas ardeola. Huyu hatoki Siberia. Hutaga katika visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, naye huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja tu jeupe, akisaidiwa na joto la ardhi. Kisha huja pwani yetu kufuata njia ileile ya majahazi ya zamani ya Oman na Ghuba. Kinda lake huja naye, na hata baada ya kufika huku mzazi huendelea kulilisha. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kumwona kinda wa kijivu akimfuata mzazi wake juu ya tope, akidai kaa. Huyo anayelea mwanawe mbele ya macho yetu ndiye tunayemwita mpita njia!

Kama tunatafuta mgeni wa kweli, tumtazame kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, anayejaa majalalani kutoka Zanzibar mpaka Dar es Salaam. Huyo aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, naye amezaana hata akawa adui wa ndege wa asili, mwizi wa mayai na makinda. Kila mtoto wa mjini anamjua kwa jina. Lakini sululu, ambaye alikuwa akija kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, huyo hana anayemjua. Yule anayeishi kwa takataka zetu tumempa uenyeji, na yule anayeishi kwa usafi wa bahari tumemwita mgeni.

Najua majibu ya wanaopinga. Nimeyasikia barazani na katika vikao, na nitayajibu moja moja.

Kwanza husema kwamba kutazama ndege ni anasa ya Wazungu wenye darubini na kofia pana. La hasha! Mvuvi wa pwani hajawahi kuacha kuwatazama ndege. Ndio wanaomwonyesha samaki walipo. Akina mama wanaookota chaza na kombe maji yakipwa wanajua vizuri kwamba pale vitwitwi wanapokusanyika ndipo tope lina uhai. Wazungu hawakuleta macho. Walileta madaftari, na hilo ndilo tulilopaswa kuiga tukaacha kofia.

Pili husema kwamba ndege ana mabawa. Tukimfukuza hapa ataenda kwingine. Hoja hii ina sura ya akili lakini haina akili. Kwingine kuna ndege wake tayari. Isitoshe, ndege hana muda wa kutangatanga. Kitwitwi wa gramu 55 hivi hana budi ajilimbikizie mafuta kabla ya Aprili hata aweze kuvuka gramu 80, ndipo awe na nguvu ya kuanza safari ya maelfu ya kilomita. Kila bamvua anayofukuzwa asile ni mafuta yaliyopungua, na mafuta yakipungua hafiki. Wala tope peke yake halimtoshi. Maji yakijaa anahitaji mahali pakavu na patulivu pa kupumzikia, kama vile mafungu ya mchanga na mashamba ya chumvi mfano wa yale ya Kunduchi. Ukijenga juu ya kimoja, umevunja vyote viwili, kama mtu anayembakizia mwenzake jiko akabomoa chumba cha kulala.

Tatu husema kwamba bandari ni mkate wa taifa, na ndege haliwi wala haleti ushuru. Mimi si adui wa bandari. Nchi zisizo na bahari hutegemea gati zetu, nami nimewafundisha walimu kuwafundisha watoto jambo hilo. Lakini nani aliyesema kwamba bandari na tope haviwezi kukaa pamoja? Tope la Bahari ya Wadden, huko Uholanzi na Ujerumani, liliandikwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2009, na sehemu ya Denmark ikaongezwa mwaka 2014. Hamburg, mojawapo ya bandari kubwa za Ulaya, hutoa meli zake kando ya tope hilohilo. Wao tope lao ni urithi. Letu ni jalala. Je, tofauti iko katika tope au katika watu?

Tusimame kidogo juu ya Daraja la Selander, Dar es Salaam, mahali ambapo mto Msimbazi unaingia baharini. Maelfu ya watu hupita pale kila siku, na tangu mwaka 2022 wengine hupita baharini kwa Daraja la Tanzanite. Maji yakipwa katika mwezi wa Januari, chini yao hufunuka shamba lile nililolieleza, likiwa na vitwitwi, sululu na yangeyange. Lakini mto ule umetoka vilima vya Pugu na kulivuka jiji lote, ukichukua kila kitu ambacho jiji halikitaki: mifuko, chupa na maji machafu. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kuwaua ndege. Kila mmoja ametupa chake kidogo, akiamini kwamba bahari ni kubwa na tope halina mwenyewe. Ukumbuke kwamba mikoko ileile na tope lilelile ndiko wanakokulia kamba na samaki wengi tunaowanunua sokoni Feri. Ndege hufika kwanza kutushuhudia kwamba meza imeandikwa. Siku watakapoacha kuja, tusidhani wamekasirika tu. Tutazame vyungu vyetu.

Nao wameanza kupungua. Mwaka 2024 shirika la kimataifa linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini lilimpandisha huyu kitwitwi wetu katika daraja la walio hatarini kutoweka. Na kama kuna anayedhani kwamba hayo ni maneno ya kutishana, basi asikie habari ya ndugu mmoja wa sululu, mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akipitisha majira ya baridi katika vinamasi vya pwani ya Moroko. Mara ya mwisho alionekana kwa hakika katika wangwa wa Merja Zerga mwezi wa Februari 1995. Mwaka 2025 alitangazwa kuwa ametoweka duniani. Aliwindwa, vinamasi vyake vikakaushwa huku na huko, na kila nchi ilidhani kwamba mwenyewe ni nchi nyingine. Wangwa ule wa Moroko ulikuwa umekwisha kuandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar tangu 1980, wala maandishi hayo hayakumwokoa.

Nasi tunayo maandishi. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaandikwa. Upo pia mkataba wa mwaka 1995 unaohusu ndege wa majini wanaosafiri baina ya Afrika na Ulaya na Asia, na nchi yetu imo. Ni mambo mema, wala siyabezi. Lakini karatasi hailindi tope. Tope hulindwa na watu wanaolijua. Na watu hawalijui kwa sababu sisi walimu hatukuwafundisha.

Hapa ndipo nataka kuwaambia walimu wenzangu neno la ukweli, hata kama litawachoma. Nimewapokea chuoni vijana waliozaliwa kusikia mawimbi, wakaweza kunichorea ubaoni ndege asiyeruka wa Ncha ya Kusini, na bawa lake na mguu wake. Nilipowauliza majina ya ndege waliokuwa wakila mbele ya kijiji chao tangu utotoni, walijibu kwamba hao ni "ndege tu". Kijana wa namna hiyo atakwenda kufundisha miaka 30. Hesabu wewe mwenyewe ni watoto wangapi watakaotoka mikononi mwake wakiamini kwamba mbele ya nyumba zao hapana kitu.

Wala dawa yake haihitaji mfadhili. Haihitaji darubini wala basi. Kila shule ya pwani iwe na jedwali la maji kupwa na kujaa, na mara moja kwa mwezi, kuanzia Oktoba hadi Machi, mwalimu awatoe watoto wakaketi kimya kando ya tope kwa saa moja. Wahesabu. Waandike tarehe, mwezi wa kalenda na mwezi wa angani, upepo, na idadi ya kila aina. Waulize wazee na wavuvi majina, maana majina yapo na yanakufa pamoja na wazee. Kila Januari, tangu mwaka 1967, watu wa nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kwa pamoja. Shule zetu nazo zijiunge. Daftari la miaka 10 la shule moja ya msingi litakuwa na nguvu mbele ya diwani na mhandisi kuliko malalamiko yangu haya yote.

Na neno la kwanza litakaloandikwa katika daftari hilo, naomba lisiwe "wageni". Waandikwe kwa majina yao, chini ya jina la kijiji, kama wanavyoandikwa wenyeji wengine wote.