MFUMO WA KOMPYUTA USIOUZWA: NENO KWA WATAHINIWA NA WAZAZI WAO



Mwezi huu twaelekeza kalamu yetu kwa vijana walioazimia kufanya mtihani wa cheti cha ufundi wa kompyuta, pamoja na wazazi wanaowalipia. Sababu yao twaielewa. Shahada iliyotolewa Bukavu, Kigoma au Mombasa hupelekwa kwanza SAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya nchi hii, ikatathminiwe; lakini cheti cha LPI au cha Red Hat ni kile kile Johannesburg na Nairobi.

Linalotusikitisha ni kuona fedha zilizowekwa kwa ajili ya ada ya mtihani zikipotelea kwa wauzaji wa diski na flashi. Huuza "Windows ya mtihani", ambayo ni nakala ya wizi na huenda ina virusi, au Linux "kamili" kwa mamia ya randi. Hiyo ya pili ni halali. Leseni ya Linux haimkatazi mtu kutoza malipo kwa kunakili; ila kumtoza mwenzako mamia kwa kazi ya dakika kumi ni jambo ambalo sisi hatuliiti biashara.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na hadi leo hutolewa bure katika sura nyingi. Mojawapo, Ubuntu, ilitoka Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, si mbali na hapa tulipo. Jina lake ni la lugha za Kinguni, na neno letu "utu" ni ndugu yake wa damu. Hapo zamani hata diski zilitumwa kwa posta bila malipo. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2011, na sasa kila mtu hujipakulia.

Swali la msingi ni hili: mtihani upi? Anayejiandaa kwa LPIC-1 asitosheke na Ubuntu pekee. Mtihani huo huuliza jinsi ya kuweka na kuondoa programu kwa njia ya Debian na pia kwa njia ya Red Hat, nazo ni amri tofauti kabisa. Basi awe na mifumo miwili: Debian au Ubuntu kwa upande mmoja, AlmaLinux au Rocky Linux kwa upande wa pili.

Wa RHCSA ana habari njema zaidi. Mtihani wake hauna maswali ya kuchagua jibu. Mtahiniwa huketi mbele ya kompyuta kwa saa kadhaa akitenda kazi yenyewe, kwa hiyo asiyezoea mfumo wenyewe hana pa kubahatisha. Red Hat humruhusu mtu binafsi kujiandikisha katika mpango wake wa watengenezaji programu na kupata mfumo wao halisi bila malipo. Tangu mwaka 2021 anaweza kuuweka katika mashine hadi 16. Vitabu vya mitumba vitamwelekeza kwenye CentOS. Asivifuate: CentOS Linux 8 ilikoma mwisho wa 2021, na toleo la 7 likakoma Juni 2024.

Kwa wanaosomea Windows Server, Microsoft yenyewe hutoa nakala ya majaribio ya siku 180. Ni muda wa kutosha, mradi asiiweke kabla hajawa tayari kuanza kusoma.

Wazazi huogopa, na kwa haki, kwamba kompyuta pekee ya nyumbani itaharibiwa. Dawa yake ni VirtualBox, programu ya bure inayounda kompyuta ndani ya kompyuta. Mwanafunzi huhifadhi hali ya mfumo ukiwa mzima, kisha auvunje apendavyo: afute faili, akosee nywila, azuie mfumo usiwake, halafu aurejeshe. Picha na barua za familia hazitaguswa. Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 hubeba mifumo yote miwili bila taabu, ikiwa ni ile isiyo na madirisha na mapambo, ambayo ndiyo hasa inayofaa kwa mazoezi ya amri.

Bando nalo si la kuchezea. Ubuntu ya mezani inakaribia GB 6. Faili ndogo ya kuanzishia Debian haifiki GB 1, ingawa itahitaji intaneti kumalizia kazi. Mmoja apakue kutoka tovuti rasmi, alinganishe alama ya SHA256 iliyochapishwa hapo na ile ya faili lake, kisha wengine wanakili kwake. Kunakili huko kunaruhusiwa.

Wenye flashi tupu ya GB 16 na watuletee kabla ya toleo lijalo, nasi tutawanakilia Debian na AlmaLinux. Ile ya Red Hat hatuigawi. Kila mtu ajiandikishe kwa jina lake mwenyewe.