VIUMBE VYA MOLA: KWELEA AU MNANA?



Mpunga unapokomaa huko Milepa, katika bonde la Ziwa Rukwa chini ya milima ya Ufipa, vijana hushinda mashambani na manati mikononi. Adui yao ni kwelea kwelea, na haki ya mtu kulinda riziki yake haina shaka. Lakini katika mabwawa ya pande hizo yuko mnana mmoja asiyepatikana popote duniani ila kusini-magharibi mwa Tanzania na nchi jirani ya Zambia. Mtaalamu wa Kijerumani, Anton Reichenow, alimwandika mwaka 1886 na kumpa jina la msafiri Paul Reichard.

Dume la kwelea laweza kuwa na uso mweusi, na dume la mnana huyu pia. Hapo ndipo asiye na hatia huadhibiwa kwa kosa la mwingine. Basi tazameni vema. Kwelea ana mdomo mwekundu na mgongo wa kahawia wenye michirizi, naye huja katika makundi mazito mithili ya moshi. Dume la mnana lina mdomo mweusi na mwili wa manjano, na tumboni lina rangi ya hudhurungi. Jike limefifia, mtalijua likiwa karibu na dume lake.

Mkitaka kumwona, nendeni baada ya Swala ya Alfajiri, msimame kimya ukingoni mwa bwawa. Msiingie majini, kwani Rukwa ina mamba. Fuateni makelele yao ya kukwaruza hadi kwenye viota vilivyosukwa kwa majani, vinavyoning'inia. Viangalieni kwa mbali, wala msiviguse. Abdullah bin Masud amesimulia kwamba Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akipapatika, na Mtume wetu (S.A.W.) akaamrisha arudishiwe wanawe.

Wazazi wapendwa, Suratul Hujurat yatuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Kijana atakayezoea kumtambua ndege kabla ya kuvuta manati, huenda kesho asimhukumu jirani yake kwa uvumi.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona na mikono yenye huruma. Amin.