Ukuta ni Daftari la Fundi

Ndugu msomaji, mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi wengi wanaofanyia kazi nyumbani hurundika msumeno, patasi, randa na nyundo ndani ya gunia moja, halafu hulaumu watoto vifaa vikiharibika. Jamani, ni watoto kweli? Patasi ikigongwagongwa na nyundo humo ndani hupata mapengo. Gunia likilala kwenye sakafu yenye unyevu, chuma hushika kutu.

Kwa maoni yangu, kila kifaa kitundikwe ukutani kwa misumari na umbo lake lichorwe kwa chaki. Jioni ukiona mchoro mtupu, unajua papo hapo kwamba jirani hajarudisha msumeno. Randa nayo ilazwe ubavu ili kisu chake kisiguse meza, na makali yote yapakwe mafuta kidogo.

Wengine watasema eti ukuta unaalika wezi. La hasha! Kinachozuia mwizi ni kufuli mlangoni. Gunia hulibeba kwa mkono mmoja akaenda zake.

Hebu niambieni, fundi asiyejua randa yake iko wapi, meza yako ataimaliza lini?